Mlango wa Shule ya Sheria ni wa Wafanyakazi Pia



Chama kinapozungumza juu ya mishahara, saa za kazi au nyumba, kila mwanachama hutega sikio. Lakini kikitaja shule ya sheria, wengine huanza kutafuta kofia zao waende nyumbani. Husema, "Hayo ni mambo ya watoto wa wakubwa." Mimi nasema sivyo. Shule ya sheria yamhusu mfanyakazi kama vile mshahara unavyomhusu, maana mshahara huo hulindwa au hupotea mbele ya watu waliotoka katika shule hiyo. Hakimu ametoka huko. Wakili wa mwajiri ametoka huko. Hata yule aliyeandika barua ya kukufukuza kazi, mara nyingi ametoka huko.

Siku hizi shule nyingi za sheria hutangaza kwamba zataka wanafunzi wa kila namna: maskini na tajiri, wanawake na wanaume, vipofu na viziwi, watu wa makabila makubwa na madogo. Ili kuonyesha nia hiyo hufanya mikutano ya hadhara, hotuba za jioni, siku za wageni kutembelea shule, na kliniki za kutoa shauri la sheria bila malipo. Ni jambo jema, wala sitalicheka. Lakini yafaa tuseme wazi tunavyoona sisi. Mkutano wa hadhara usiomfungulia mtu mlango ni debe tupu. Na mlango ukifunguliwa, kisha aliyeingia akaachwa peke yake, huo ni mtego. Tena hakuna hata moja litakalotimia ikiwa wafanyakazi wenyewe hawakulidai.

Nitaeleza kwa mambo yaliyotokea kweli, kwanza ng'ambo, kisha hapa kwetu.

MGAWA BARUA WA TEXAS

Katika mji wa Houston, jimbo la Texas, Marekani, alikuwako mtu mweusi jina lake Heman Sweatt, aliyezaliwa mwaka 1912. Kazi yake ilikuwa kugawa barua za posta. Alikuwa pia katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi weusi wa posta, kilichoitwa National Alliance of Postal Employees. Wakati ule mtu mweusi katika posta hakupandishwa cheo kuwa msimamizi. Hila yenyewe ilikuwa hivi: ili uwe msimamizi lazima kwanza uwe karani, na watu weusi hawakupewa ukarani. Basi mlango ulifungwa, na mwenye kufuli akasema kwamba hakumzuia mtu.

Sweatt aliandaa karatasi za kupinga jambo hilo pamoja na wakili. Katika kazi hiyo ya chama ndipo alipoanza kupenda sheria. Ndugu zangu, liangalieni vizuri jambo hili. Hakupenda sheria kwa sababu ya kuona joho la hakimu. Aliipenda kwa sababu aliona wenzake wanaonewa, na karatasi ndiyo iliyotumika kuwaonea.

Mwezi wa Februari 1946 aliomba nafasi katika shule ya sheria ya University of Texas, mjini Austin. Masomo yake yalitosha, hata mkuu wa chuo hakubisha. Alikataliwa kwa sababu moja tu, rangi yake. Alipokwenda kortini, serikali ya jimbo ikapewa miezi 6 itengeneze shule ya sheria ya watu weusi "iliyo sawa". Mwaka 1947 wakafungua vyumba vichache chini ya jengo moja mjini Austin, bila walimu wake yenyewe na bila maktaba yake yenyewe. Sweatt akakataa kuingia humo. Baadaye ikawekwa shule nyingine Houston: walimu 5, wanafunzi 23, na vitabu kama 16,500. Kwa upande wa weupe kulikuwa na walimu 16 wa kudumu, wanafunzi 850, na vitabu 65,000. Huo ndio ulioitwa usawa.

Si watu wote wa chuo kile waliopendezwa na ubaguzi huo. Wanafunzi weupe wengi walifanya mkutano wa hadhara kumwunga mkono Sweatt, wakachanga fedha za kesi, na wakafungua tawi lao la chama cha NAACP kilichokuwa kikipigania haki za watu weusi. Hapo mkutano wa hadhara ulifanya kazi yake ya kweli: ulimtoa mtu katika upweke, ukawaonyesha wakubwa kwamba si wote waliokuwa nyuma yao.

Tarehe 5 Juni 1950 Korti Kuu ya Marekani, majaji wote kwa sauti moja, iliamuru Sweatt apokewe katika shule ile ile iliyomkataa. Sababu yao yafaa tuiweke moyoni. Majaji hawakuhesabu viti na vitabu tu. Walisema kwamba sheria haisomwi katika chumba cha peke yake. Shule ya watu weusi iliwatenga wanafunzi wake na jamii zilizokuwa asilimia 85 ya watu wa jimbo lile, na katika hao walikuwamo wengi wa mawakili, mashahidi, wazee wa baraza na majaji ambao mwanafunzi angekutana nao katika kazi yake. Mtu atajifunzaje kusema na watu asiopata kukutana nao?

Sasa geuzeni swali hilo upande wa pili. Ikiwa mwanafunzi mweusi alipungukiwa kwa kutokutana na weupe, basi mwanafunzi tajiri naye amepungukiwa ikiwa hajapata kuketi na mtoto wa kuli, wa dereva au wa mchuma chai. Atakuwa hakimu siku moja, na askari wa usiku atasimama mbele yake aeleze kwa nini alisinzia saa 10 za usiku baada ya zamu ya saa 12. Hakimu huyo ataelewa nini? Kwa hiyo kupokea watu wa kila namna si sadaka kwa maskini. Ni sehemu ya elimu ya sheria yenyewe.

KUINGIA SI KUKAA

Hadithi ya Sweatt haikuishia katika shangwe. Aliingia shuleni mwezi wa Septemba 1950 akiwa mtu wa makamo, amechoshwa na kesi ya miaka 4. Alikutana na chuki na vitisho. Afya yake ilikuwa mbovu, ndoa yake ikavunjika, na mwaka 1952 akaondoka bila kupata digrii ya sheria. Baadaye alisomea kazi za ustawi wa jamii huko Atlanta, akatumika kwa heshima mpaka alipofariki mwaka 1982.

Mwaka 1987 chuo kile kile kilichomkataa kilianza mkutano wa hadhara wa kila mwaka wenye jina lake, wa kuzungumza juu ya haki za raia. Mwaka 2005 jengo la korti ya wilaya mjini Austin likapewa jina lake. Ni heshima kubwa. Lakini mfanyakazi ana haki ya kuuliza: je, mtu huyu angepewa mwalimu wa kumsaidia, karo, na mahali pa kulala bila kutishwa mwaka 1950, si angetoka akiwa wakili? Kumpa mtu jina la jengo baada ya kufa ni rahisi kuliko kumpa kiti alipokuwa hai.

Tena yaliyopatikana huweza kurudi nyuma. Mwezi wa Juni 2023 Korti Kuu ya Marekani ilizuia vyuo kutazama rangi ya mwombaji wakati wa kuchagua wanafunzi. Mwaka huo huo jimbo la Texas lilitunga sheria ya kufunga ofisi za vyuo vya serikali zilizoshughulikia mambo ya watu wa kila namna, nayo ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2024. Wale waliotegemea ofisi peke yake waliamka asubuhi wakakuta imefungwa. Hilo ni fundisho kwetu: haki isiyo na watu waliojipanga nyuma yake hufutwa kwa kalamu.

MBOYA NA MARSHALL

Pengine mtu atauliza, haya ya Texas yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Mmoja wa mawakili wa Sweatt alikuwa Thurgood Marshall. Shule ya sheria ya jimbo lake, Maryland, haikuwa ikipokea watu weusi, naye akasoma Howard, shule ya watu weusi mjini Washington, akamaliza mwaka 1933. Mwaka 1936 alishinda kesi iliyoilazimisha ile shule ya Maryland kumpokea kijana mweusi.

Mwaka 1960, wajumbe Waafrika wa Kenya walipokwenda Lancaster House, London, kuzungumzia Katiba, Marshall alikuwa mshauri wao wa sheria, naye akaandika mapendekezo ya sehemu ya haki za watu. Aliyemwalika ni nani? Ni Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Kenya Federation of Labour. Yaani kiongozi wa wafanyakazi ndiye aliyetafuta wakili. Mboya hakuwa mwanasheria, lakini alijua kwamba kwenye meza ya sheria hapana budi awepo mtu wa upande wako anayeifahamu lugha ya meza hiyo. Wazee wetu husema, mwamba ngoma huvutia kwake. Ikiwa sisi hatumo kati ya wanaowamba ngoma, tusishangae ngozi ikivutwa upande mwingine.

HAPA KWETU

Kwa nini Mboya alilazimika kutafuta ng'ambo? Kwa sababu katika ukoloni Kenya haikuwa na shule ya kutoa mawakili. Aliyetaka uwakili alikwenda Uingereza au Bara Hindi, na serikali ya kikoloni haikuwa na hamu ya kumpeleka Mwafrika huko akasome sheria. Hesabu ya mawakili Waafrika ilikuwa ndogo mno. Argwings-Kodhek, ajulikanaye kuwa Mwafrika wa kwanza wa nchi hii kufanya kazi ya uwakili, aliwatetea wengi walioshtakiwa wakati wa Hali ya Hatari. Hebu fikirini, maelfu ya watu wameshikwa, na wakili wa rangi yao ni wa kuhesabu kwa kidole.

Mwaka 1961 kamati ya Bwana Denning wa Uingereza ilitoa shauri kwamba Waafrika wafundishwe sheria katika nchi zao. Mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, masomo ya sheria yalianza Dar es Salaam kwa ajili ya Afrika Mashariki yote. Kenya School of Law ilianzishwa mwaka 1963, na chuo cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria mwaka 1970. Katika waliosoma Dar es Salaam alikuwamo Effie Owuor, ambaye mwaka 1982 alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa High Court ya Kenya. Mwaka 2021 Martha Koome akawa mwanamke wa kwanza kuwa Jaji Mkuu. Basi mlango ulioitwa wa mwanaume umefunguka, na hakuna mbingu iliyoanguka.

Kadhalika kazi ya hadhara si jambo geni hapa. Walimu wa sheria wa Dar es Salaam walianzisha kamati ya kuwasaidia maskini katika mambo ya sheria mwaka 1967. Hapa Nairobi, Kituo cha Sheria kilianzishwa mwaka 1973. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 nayo yavitaja vyuo vikuu vyenye kliniki za sheria miongoni mwa wanaoweza kuandikishwa kutoa msaada huo. Njia ipo. Swali ni nani anayepita.

Tazameni safari ya kijana wa mfanyakazi. Digrii ni miaka 4. Kisha Kenya School of Law na mitihani yake. Kisha miezi 6 ya kujifunza kazi katika ofisi ya wakili, mara nyingi kwa malipo kidogo au bila malipo. Nani atamlisha miezi hiyo? Nani atamnunulia suti ya kuingilia kortini? Hakuna bango mlangoni lisemalo "Mtoto wa kibarua asiingie". Karo yatosha kuwa bango. Ni ile hila ya posta ya Houston: hakuna aliyezuiwa, ila hakuna aliyefika.

Na hiyo mikutano ya hadhara, mara nyingi hufanywa siku ya kazi asubuhi, katika jumba la chuo, kwa Kiingereza cha vitabu. Dereva wa matatu yuko barabarani. Mfanyakazi wa nyumbani hana ruhusa ya kutoka. Kiziwi hakuwekewa mkalimani wa lugha ya ishara, na mwenye kutembea kwa kiti cha magurudumu akuta ngazi 20. Jioni husemwa kwamba umma ulialikwa lakini haukuja. Mgeni amealikwa saa ambayo hawezi kuja, katika lugha asiyoizoea, kisha alaumiwa kwa kutokuja!

YANAYOPOTEA

Haya si mambo ya sherehe. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema kwamba kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa kosa, au kwa uzembe, au kwa kutokuwa na nguvu za kazi, mwajiri lazima amweleze sababu katika lugha anayoifahamu. Mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake, au mjumbe wa chama wa hapo kazini, asikilize pamoja naye. Ni wangapi wajuao? Wangapi wamesukumiwa karatasi ya Kiingereza, wakaambiwa "weka sahihi hapa", wakaweka? Sheria hiyo pia yaweka muda wa miaka 3 wa kupeleka madai ya kazi kortini. Mtu hukaa kijijini akingoja aitwe, na miaka 3 ikapita, haki yake ikafa ingawa alikuwa na haki kweli.

Tena Sheria ya Korti ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ya 2011 yamruhusu mfanyakazi ajisemee mwenyewe, au asemewe na wakili, au na kiongozi wa chama chake. Hiyo ni silaha mikononi mwetu. Lakini silaha bila mafunzo humwumiza mwenyewe. Kiongozi wa tawi akiingia kortini bila kujua namna ya kupanga ushahidi, wakili wa mwajiri atamvua nguo mchana kweupe. Hapo ndipo shule ya sheria na chama cha wafanyakazi vyahitajiana. Sisi tuna mambo ya kweli. Wao wana elimu. Mwanafunzi akikaa katika ofisi ya tawi mwezi mmoja akisikiliza mashitaka ya watu, atajifunza asiyoyapata katika vitabu, naye mjumbe wetu atajifunza kuandika karatasi isiyokataliwa.

Wako watakaosema kwamba shule ikipokea watu wa kila namna kiwango kitashuka. Hatuombi mtu apewe cheti cha bure. Mtihani uwe ule ule, na asiyepita asipite. Sweatt hakuomba kupunguziwa mtihani, aliomba kiti. Wengine watasema, "Chama kina wakili wake, yatosha." Wakili mmoja hawezi kuwa kila kiwanda na kila shamba. Na wakili aliyekodiwa huondoka mkataba ukiisha, lakini mtoto wako aliyesoma sheria atabaki kuwa mtoto wako.

TUNAYOTAKA

Basi shauri langu ni kwamba matawi yetu yazungumze mambo haya, kisha chama kiyapeleke kwa wakuu wa shule za sheria kwa maandishi:

1. Mikutano ya hadhara ya sheria ifanywe Jumamosi alasiri au Jumapili, katika kumbi za mitaa, viwandani na mashambani, wala si katika majumba ya vyuo tu.

2. Lugha iwe Kiswahili, maana Katiba ya 2010 yasema ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Awepo mkalimani wa lugha ya ishara, na mahali pawe pa kufikika kwa mlemavu.

3. Kila mkutano uwe na meza ya kuandikisha vijana wanaotaka kusoma sheria, na mtu wa kuwaeleza masomo yanayohitajiwa, karo, na misaada iliyopo. Hapo ndipo maneno yatakapogeuka mlango.

4. Kliniki za sheria zishirikiane na matawi ya vyama, wanafunzi waje kwetu na wajumbe wetu waende kwao.

5. Aliyeingia asiachwe. Awe na mwalimu wa kumtazama, na msaada wa chakula na nauli, hasa ile miezi 6 ya ofisini.

Lakini tusiwatwike wao kila kitu. Na sisi tuna wajibu. Tawi liweke mfuko mdogo wa masomo, hata kama ni wa kumsaidia mtoto mmoja tu. Tuwapeleke wajumbe wetu mikutanoni, na wakirudi watoe habari mbele ya wanachama. Tuwasomeshe wasichana sawa na wavulana. Na mkutano wa sheria ukitangazwa, tuende wengi, tuulize maswali magumu, kwani kuuliza si ujinga.

Haki za mfanyakazi wa nchi hii zilipatikana kwa jasho, na nyingine kwa kifungo. Leo zimeandikwa katika vitabu, na vitabu vina wasomaji wake. Hapana budi baadhi ya wasomaji hao watoke katika nyumba zetu. Tuanze na mkutano wa tawi unaokuja: jambo hili liwekwe katika orodha ya mazungumzo, likubaliwe kwa kura, na katibu aandike barua.

Umoja ni nguvu.

Mwanachama mwenzenu